Mtu Anayemfahamu Mwombaji

Miaka tisa tuliishi mlango kwa mlango, ukuta mmoja katikati, na katika miaka yote hiyo yule mama aliniandikia kikaratasi kimoja tu. Alikipitisha chini ya mlango wangu mwezi uleule niliohamia. "Jirani, naomba cherehani ipumzike saa nne mpaka saa saba. Nakuwa nasikiliza. Asante." Nilikisoma mara tatu damu ikinichemka. Mimi nashona mapazia, ndiyo riziki yangu, na saa nne ndipo mwanga unapoingia vizuri dirishani. Halafu anasikiliza nini huyo, redio? Nikasonya, nikakitupa. Kesho yake ilipogonga saa nne nikajikuta nimeondoa mguu kwenye kanyagio. Labda kwa sababu alisema asante.

Baadaye nikaja kujua kwamba kusikiliza ndiyo kazi yake. Watu wanarekodi vikao, mahojiano, mashauri, wanamtumia kwa mtandao, naye anaandika kila neno, pamoja na vikohozi. Siku moja niliukuta mlango wake wazi nikamwona, hedifoni nyeusi zimembana kichwa, mguu uko juu ya kanyagio dogo la kusimamisha sauti. Nikacheka moyoni: kumbe sote wawili tunakula kwa mguu. Nikambandika jina, Mama Hedifoni. Sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa hiyo jina hilo lilibaki kichwani mwangu.

Basi Jumanne moja ya mwezi uliopita akanigongea. Nilifungua nikiwa na pini mdomoni. Alisimama pale amevaa viatu vya kutokea, mkononi ana bahasha.

"Samahani, jirani. Unanifahamu?"

Nikatoa pini. "Wewe si mama wa hapo pembeni?"

"Jina langu unalijua?"

"Limenitoka kidogo," nikasema. Uongo mtupu, sikuwahi kulijua.

"Na mimi lako silijui," akasema. "Lakini tangu jana nafikiria, na sina mwingine wa karibu kukuzidi."

Nikamkaribisha ndani. Alikaa ukingoni mwa kiti, juu kabisa ya kitambaa cha mteja nilichokwisha kukipiga pasi, na kwa mara ya kwanza maishani sikumfokea mtu kwa kosa hilo. Akaanza kunieleza.

Malipo ya kazi yake yanapitia kampuni moja ya mtandaoni. Jumatatu uliingia ujumbe kwenye simu, jina la kampuni limekaa juu kabisa: akaunti yako imetiliwa shaka, hakiki utambulisho wako ndani ya saa ishirini na nne, la sivyo itafungwa. Chini yake kulikuwa na mahali pa kubonyeza. Hakubonyeza, si mjinga. Dakika kumi baadaye simu ikaita, na mwanamume mwenye sauti ya adabu akajitambulisha kuwa ni afisa wa uhakiki.

"Nilijua ni tapeli kwenye swali la pili," akasema. "Nyuma yake nilimsikia mwenzake anamsomea mtu mwingine sentensi ileile. Na yeye mwenyewe alikuwa anavuta pumzi katikati ya maneno, anasoma karatasi. Hayo ndiyo mambo yangu, jirani."

"Ukamkatia simu."

"Hapana."

"Ukampa vidonge vyake, basi."

"Nilimjibu. Maswali yote."

Nikamtolea macho. Mtu mzima na akili zake! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpashe, akatoa karatasi kwenye bahasha akaziweka juu ya meza yangu ya kukatia. Simu yake hurekodi kila anayempigia, na kwa mazoea ya kazi alikuwa ameyaandika mazungumzo yote, kurasa nne, safi, hakuna hata herufi iliyofutwa. Kampuni halisi iliyataka kama ushahidi. Nikasoma.

MPIGAJI: Kwa usalama wako, mama, nitajie jina la mama yako mzazi.

MIMI: (Anataja.) Alikuwa mkunga. Alikuwa na mikono midogo kama ya mtoto, wenzake wakimcheka, lakini wajawazito walikuwa wanamtaka yeye tu.

MPIGAJI: Sawa. Shule ya kwanza uliyosoma?

MIMI: (Anataja.) Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari. Mimi ndiye niliyekuwa naigonga, maana nilikuwa nawahi kuliko wote. Mwalimu mkuu aliniamini na kile chuma.

MPIGAJI: Sawa, mama, tuendelee. Mnyama wa kwanza kufuga?

MIMI: Mbwa mweupe, sikio moja jeusi. Jina nitakutajia, lakini ngoja kwanza nikueleze tulivyompata. (Mpigaji anacheka.)

Kurasa zote zilikuwa hivyo. Tapeli anauliza nusu mstari, yeye anajibu nusu ukurasa. Kuna mahali jamaa anasema "tuendelee, mama" mara tatu mfululizo, naye bado yuko na mbwa. Nilianza kumhurumia mwizi mwenyewe. Nikaangua kicheko, nikainua uso, nikaona mwenzangu hacheki.

"Sasa kwa nini ulimjibu na ulishamjua?"

Akaitazama mikono yake. "Aliuliza vizuri," akasema. "Mimi nasikiliza watu kutwa nzima. Hakuna anayeniuliza kitu. Nikajiambia nitamjibu yote, ila ile namba simpi."

Namba yenyewe ni zile tarakimu sita ambazo kampuni hutuma kwenye simu ya mwenye akaunti. Mwisho wa ukurasa wa nne mpigaji anaiomba. Anaiomba tena, adabu imepungua. Anajibiwa: hiyo hapana, baba. Halafu kuna mstari mmoja tu: (Simu inakatwa. Kimya.)

Baada ya hapo alifanya la maana. Hakuipigia namba ile. Alitafuta namba ya kampuni kwenye mkataba wake wa zamani, akapiga, akaeleza kila kitu bila kujificha. Wakamshukuru, wakaifunga akaunti palepale isije ikachezewa, maana maswali yake ya siri hayakuwa siri tena na hata namba ya kitambulisho alikuwa amekwisha kuimwaga. Ili ifunguliwe, lazima aende mwenyewe ofisi ya wakala na kitambulisho chake, pamoja na mtu asiye ndugu, anayemfahamu kwa zaidi ya miaka miwili, ahojiwe juu yake. Mwisho ni Ijumaa. Ikipita Ijumaa akaunti inafutwa, na wanaompa kazi hawalipi kwa njia nyingine. Wangetafuta sikio lingine.

Akanionyesha fomu. Palikuwa pameandikwa: Jina la mtu anayemfahamu mwombaji. Mbele yake palikuwa peupe.

"Anayenijua kwa majibu yote ni yule tapeli," akasema, "na yeye siwezi kumpeleka." Alitaka iwe mzaha, ila alikuwa ameshaanza kuirudisha fomu kwenye bahasha.

"Niachie karatasi," nikamwambia. "Nitazisoma. Alhamisi tunakwenda."

Nilizisoma kama mtu wa mtihani. Mkunga, mikono midogo, rimu ya gari, mbwa, homa aliyougua akiwa darasa la tano, kazi ya kwanza ya kuchapa barua kwa mwanasheria mwenye kigugumizi. Katika siku mbili nilimjua kuliko nilivyowajua binamu zangu. Lakini kwenye ukurasa wa tatu kuna mahali niliposimama, na kila nikirudi nilisimama palepale.

MPIGAJI: Unaishi na nani kwa sasa?

MIMI: Nilikuwa naishi na dada yangu. Alifariki.

MPIGAJI: Pole sana, mama.

MIMI: Asante. (Kimya, sekunde saba.) Asante sana.

Dada yake nilikuwa namwona. Mwanamke mnene, mchangamfu, aliyepanda ngazi akiimba na kupumzika kila baada ya ubeti. Miaka minne iliyopita nilipata oda ya mapazia ya hoteli, madirisha arobaini, yanatakiwa kesho yake. Asubuhi hiyo nikasikia miguu mingi kwenye korido, nikaufungua mlango kidogo. Wanaume wawili walikuwa wanatoka na machela. Aliyelala alikuwa amefunikwa shuka mpaka juu. Juu kabisa. Nikajiambia wanampeleka hospitali, labda anahisi baridi. Nikafunga mlango polepole usilie, nikarudi kwenye cherehani, nikashona. Saa nne ikanipita, saa saba ikanipita, na siku ile mguu sikuuondoa.

Nilipanga kwenda kutoa pole mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ulipofika nikaona haya kwa kuwa nimechelewa, na wiki iliyofuata haya ikawa imekua, na mwezi ulipoisha ikawa rahisi zaidi kujifanya hamnazo. Nikikutana naye kwenye ngazi nasema "habari za leo" na kuharakisha kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Miaka minne hivyo. Sasa hapa kwenye karatasi, tapeli alikuwa amenitangulia kumpa pole, na alikuwa anasoma tu. Nililia, na sioni aibu kusema.

Alhamisi tukaenda. Ofisi ya wakala ni chumba chembamba chenye viti vitatu vya plastiki na feni inayozunguka bila kuleta upepo. Kwenye kaunta alikuwapo binti mwenye kucha ndefu zilizokuwa zinagonga meza kila anapochapa. Akachukua kitambulisho cha jirani yangu, akampiga picha, akamgeuza uso kulia, akamgeuza kushoto, halafu akaniangalia mimi.

"Mama, wewe ndiye shahidi? Mwombaji unamfahamu vipi?"

"Ni jirani yangu. Miaka tisa, ukuta mmoja."

"Mama yake alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mkunga. Alikuwa na mikono midogo."

Binti akatabasamu. Akauliza shule, nikataja, nikaongeza na rimu. Akauliza kazi ya kwanza, nikamtajia mwanasheria na kigugumizi chake. Nilikuwa nateleza tu, mpaka nikaanza kujisikia fahari ya kijinga, fahari ya mtu anayenakili mtihani bila kukamatwa. Jirani yangu alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza.

"Mnafahamiana kweli nyinyi," binti akasema. "Hapa kwenye kumbukumbu zetu za zamani ndugu wa karibu ni dada yake. Yupo?"

"Alifariki."

"Poleni. Lini? Inabidi nirekebishe."

Hilo kwenye kurasa nne halikuwemo. Tapeli hakuuliza. Jirani yangu akainua kichwa anisaidie, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kujibu.

"Tarehe kumi na tisa mwezi wa sita, miaka minne iliyopita. Asubuhi, saa tatu haijafika."

Sikuhitaji kufikiri. Tarehe hiyo iko kwenye kitabu changu cha oda, mbele ya yale madirisha arobaini, na kila nikikifungua kitabu natafuta namna ya kuruka ukurasa ule. Kucha zikagonga meza. Akapiga muhuri, akasema akaunti itafunguka kabla ya jioni, na mtu yeyote akipiga tena kuuliza maswali, akate simu mara moja. "Hata akiuliza vizuri vipi, mama."

"Nimeelewa," jirani yangu akasema. Lakini alikuwa ananitazama mimi. Mtu anayesikiliza kwa kazi hapitwi na kitu kama kile.

Tukarudi kwa miguu. Tulitembea kando ya barabara, yeye mbele, mimi nyuma kwa sababu njia ni nyembamba na kwa sababu niliogopa kuwa sambamba naye. Tulipofika kwenye korido yetu akasimama mbele ya mlango wake.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

Nikamwambia yote, wima palepale, mkoba ukiwa bado begani. Machela, shuka, hoteli, mlango nilioufunga polepole. Sikujipunguzia. "Pole, dada yangu," nikasema. "Imechelewa miaka minne, lakini pole. Na ile cherehani, siku ile, hata kuisimamisha tu nilishindwa. Nisamehe."

Alikuwa anatafuta ufunguo kwenye mkoba, na alichukua muda mrefu.

"Nilikuwa naisikia," akasema. "Walipokwisha kuondoka, humu ndani hapakuwa na sauti hata moja. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa upande wako. Nilikuwa naomba usisimame."

Akaupata ufunguo, akafungua.

"Jioni ukasimama," akasema. "Asante kwa leo, jirani." Akaingia, akafunga.

Nami nikaingia kwangu. Nilikaa kwenye kiti changu bila hata kuvua viatu. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro, saa yangu ya kunyamaza. Nikasikiliza upande wa pili: hapakuwa na maji yanayomwagika, hapakuwa na kiti kinachovutwa. Akaunti ilikuwa bado haijafunguka na kazi hakuwa nayo siku hiyo. Sikuwa na oda yoyote ya haraka, na mezani hapakuwa na kitambaa kilichokatwa. Nikauchomoa uzi kwenye sindano usije ukajisokota, nikaweka mguu kwenye kanyagio, nikaanza kukanyaga.