Sifuri Niliyoiandika Siku ya Kilio

Harufu ya chuma kilicholowa mvua hunirudisha kwenye roshani yetu ya Parkdale, mtaa wa kando ya ziwa katika nchi ya baridi tuliyohamia, ghorofa ya tisa, mwaka nilipokuwa na miaka kumi. Vyuma vya roshani vilikuwa vimeshika kutu, na mvua ikivipiga vilitoa harufu kama ya sarafu iliyokaa mkononi muda mrefu. Pembeni, Mama aliniachia sufuria kuukuu isiyo na mkono, nami ndani yake nilisimamisha rula ya shule. Ikianguka theluji nilisoma sentimita. Ikinyesha mvua niliandika kidogo, nyingi, au ya kuudhi. Sijui kama hiyo niiite kazi ya maana. Sikusoma sana, na mambo mengine ya wakati ule siyaamini hata mimi mwenyewe; kwa mfano nasema jalada la daftari lilikuwa la kijani, dada yangu anashikilia kwamba lilikuwa la bluu. Lakini ukurasa ninaotaka kuusimulia ninao hapa mbele yangu, kwa hiyo huo sikosei.

Aliyenianzisha alikuwa Bibi, mama yake Mama, aliyebaki Uvira. Kila Jumapili baada ya ibada tulimpigia simu, na kabla ya kuuliza habari za mtu yeyote aliuliza, "Kwenu kunanyesha?" Alilima mihogo maisha yake yote, na kwake huwezi kujua watu wamelalaje kama hujui mbingu zimelalaje. Sikupenda kumjibu ovyo, ndiyo maana nikaanza kuandika. Nikimwambia sentimita sita, aliuliza hizo zinafika wapi, nami nikamwambia zinafika urefu wa kidole chake cha kati, akacheka na kusema basi huko Mungu amewamwagia unga hakuwapa moto wa kuupikia. Damu yetu nyingine katika nchi hii ilikuwa moja tu: Mama Mkubwa, dada mkubwa wa Mama, aliyeishi Don Mills, juu kaskazini, mbali na ziwa, akihudumia wazee majumbani mwao. Yeye naye alipenda kutangaza theluji ya kwao. Sisi tukisema nne, yeye alisema kumi. Mama, aliyemwita Yaya kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, alikuwa akicheka na kusema, "Theluji ya Yaya hukua njiani kabla haijafika kwenye simu." Ulikuwa utani. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuupima.

Bibi alifariki mwanzoni mwa majira ya baridi. Habari zilikuja Alhamisi, na kilio kikapangwa Jumamosi mchana nyumbani kwetu, kwa kuwa sebule yetu ilikuwa kubwa na wengi wa kanisani walikaa Parkdale. Kama ilivyo kwetu, redio ilizimwa, televisheni ikafunikwa kwa kitenge, viti vikatolewa sebuleni na akina mama wakakaa chini. Kwa hiyo siku ile hakuna sauti ya nje iliyoingia mle ndani isipokuwa mvua. Ilinyesha tangu asubuhi bila kupumzika. Waombolezaji waliingia wakikung'uta miavuli, na chumba kikajaa harufu ya makoti mabichi na chai ya tangawizi. Tulikuwa tunamngoja Mama Mkubwa. Yeye ndiye mkubwa, na maombi yasingeanzishwa na mwingine. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Simu ikalia, Mama akaipokea, nikaona uso wake ukikunjamana. Akasema tu, "Haya, Yaya," akaiweka chini. Akawaambia watu kwamba dada yake amesema theluji imefika magotini, mabasi hayapandi, hawezi kuja.

Watu wote waligeukia dirisha. Maji yalikuwa yakitiririka kwenye kioo. Mama Riziki, jirani yetu wa ghorofa ya chini, aliyekuwa na ulimi mwepesi, akasema, "Theluji hiyo labda iko kwenye friji yake." Mmoja akacheka kisha akajizuia. Mwingine akanong'ona kwamba njia ya mwongo ni fupi. Baba akasema yeye ametoka kazini asubuhi, pembeni ya ziwa, na hakuona hata chembe. Hapo Mama akaniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Sifa, lete daftari lako. Soma ya leo."

Nikasimama katikati ya akina mama wale nikasoma: "Jumamosi. Theluji, sifuri. Mvua, nyingi." Kisha Mama Riziki akanivuta karibu, akanipapasa kichwa na kusema, "Msema kweli mpenzi wa Mungu." Sitaficha: nilijisikia mkubwa. Maombi yakaanzishwa na Mama, na usiku huo akampigia dada yake simu kumwambia maneno ambayo sehemu kubwa sikuyasikia, ila nilisikia haya: "Hata mtoto ameandika."

Tangu hapo hawakuzungumza. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita. Nisimwonee Mama: alikuwa amezika mama yake kwa simu, bila kaburi la kugusa, na hasira ni kitu unachoweza kukishika. Nisimwonee Mama Riziki pia. Alitupikia siku saba. Na Mama Mkubwa naye hakupiga tena. Mimi niliendelea na sufuria yangu, lakini Jumapili hakukuwa na wa kumsomea. Nilipopitia kurasa za nyuma, macho yalikuwa yakisimama kwenye ile sifuri. Ilikuwa kweli. Niliipima mwenyewe. Lakini ilinikaa vibaya, kama kijiwe ndani ya kiatu.

Ikawa Julai. Siku moja mchana joto lilikuwa la kukaba, hewa imesimama, na kwetu jua liliwaka hadi vyuma vya roshani haviguswi. Nikaangalia kaskazini nikaona ukuta. Sina neno jingine. Mawingu meusi yalisimama kutoka chini hadi juu, na ndani yake umeme ulikuwa ukiwaka na kuzima bila sauti. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nikangoja. Nusu saa, sufuria kavu. Nikachukua kalamu niandike sifuri, na mkono ukagoma. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mahali ambapo sifuri yangu ilikuwa inakwisha. Mama alikuwa jikoni. Nikaenda kwenye simu ya mezani, nikabonyeza namba ambayo nyumba nzima ilikuwa imeacha kuibonyeza.

"Mama Mkubwa, ni Sifa. Kwenu kunanyesha?"

Nyuma yake nilisikia kishindo cha maji, kama mtu anamwaga changarawe juu ya bati. Kisha akasema polepole, "Mtoto, simu haishikwi radi ikipiga." Lakini hakukata. Na hapo radi ikapiga ndani ya simu, kubwa, nikaliondoa sikio. Dirishani kwetu, kimya, jua. Nikawa nahesabu bila kujua kwa nini. Nilipofika thelathini na kitu, kioo chetu kikatetemeka kidogo, na ngurumo ileile ikafika, imechoka, kama mgeni aliyetembea kwa miguu. Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono ina unga. Na yeye aliisikia mara mbili.

Akaichukua simu. Sikumbuki alianzaje, nadhani aliita tu, "Yaya." Kisha akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, na unga ukawa unamdondokea miguuni. Yale aliyoambiwa alitueleza baadaye. Siku ile ya kilio Mama Mkubwa alivaa kitenge cha msiba tangu alfajiri. Alitoka na sufuria ya maharage aliyoipika kwa ajili ya waombolezaji, akasimama kituoni kwa muda wa saa mbili, basi halikuja. Akaamua kutembea hadi barabara kubwa, akaanguka mtelemkoni, maharage yakamwagika yote juu ya theluji. Akarudi nyumbani akapiga simu. Kisha akafunika televisheni yake, akakaa chini sakafuni, akamlilia mama yake peke yake.

Mama aliketi palepale ukutani. "Na kule kwetu tulijua," alisema. "Mvua ikinyesha juu mlimani, sisi huku chini tunaanika dagaa. Nilijua hivyo tangu mtoto."

Jumamosi iliyofuata tulipanda sisi kwenda Don Mills, na Mama alibeba maharage. Alipoingia hakukaa kwenye kiti. Alikaa sakafuni, na dada yake akashuka akakaa naye, wakaanza kilio upya, Mama Mkubwa akianzisha maombi. Nilikuwa nimechukua daftari. Nilitaka kuuchana ule ukurasa mbele yake, akanishika mkono. "Usiuchane, hukusema uongo," alisema. "Andika tu ulikuwa umesimama wapi." Nikaandika Parkdale kando ya sifuri, kwa herufi kubwa zilizopinda.

Siku hizi sina haja ya sufuria. Simu yangu inanionyesha mvua ya kila mtaa, hata dakika itakayoanza, na watoto wangu wananishangaa, kwa Kiingereza, kwa nini bado naandika, na kwa nini kila mstari naanza na jina la mahali. Mama Mkubwa ametangulia. Mama amezeeka, anaishi kwenye jengo lilelile la Don Mills alikokataa kukanyaga miezi saba. Kila asubuhi naangalia kwenye simu, naona hali ya hewa ya kwao, kisha nampigia na kumuuliza, "Kwenu kunanyesha?" Nasikia kandambili zake zikiburuzika kwenda dirishani, nangoja.