Nilivyoutoa Moshi Jikoni kwa Mwaitu

Katangi yote wanajua majiko yangu. Shule niliachia darasa la sita, lakini leo hata walimu wananunua kwangu. Kwa hivyo chifu alipotangaza barazani kwamba serikali haitaki tena kupikia mawe matatu, kila nyumba iwe na jiko la kuni lenye bomba la moshi, nilichekea moyoni. Hiyo ni kazi yangu.

Aliyekataa ni mwaitu, mama yangu mzazi.

"Watu watanicheka," nikamwambia. "Nitawauzia aje majiko na wewe unapikia mawe?"

"Wacha wacheke. Na mbegu niweke wapi?"

Nikainua macho. Mahindi yake ya kienyeji, yale yanayovumilia jua letu, yalikuwa yamening'inia kwenye boriti, meusi kwa masizi. Kwetu moshi ndio unafukuza wadudu wanaotoboa mahindi. Ukiutoa, mvua ikija huna cha kupanda. Mafundi wengine walikuwa wakifunga majiko kijiji kizima na hakuna aliyewaza hilo.

Nikakata bati la drum, nikaunda sanduku la mbegu, moshi wa bomba ukapitia ndani yake. Mara ya kwanza mahindi yakaiva kwa joto. Mwaitu akatafuna punje moja, akasema, "Mwana wakwa, imeiva. Lete chumvi."

Sikukasirika. Nikarefusha bomba, nikalipitisha ukutani, sanduku nikalifunga nje chini ya paa, moshi ukifika huko umepoa. Nikafunga punje kwa kitambaa kibichi kuzijaribu. Zikaota vizuri sana.

Afisa wa afya akaja na chifu. Akaingia jikoni, akavuta pumzi, akatoka kuzunguka nyumba.

"Hili sanduku ni la nini, mama?"

"Hapo ndipo moshi unafanya kazi," mwaitu akamjibu kabla sijafungua mdomo. "Ulitaka utoke kwa nyumba. Si umetoka?"

Afisa alicheka, akapitisha jiko.

Mvua ya Novemba iliponyesha, shamba la mwaitu liliota kabla ya mengine. Majirani waliofungiwa majiko na wale mafundi wengine walifungua mbegu zao wakakuta unga. Wakaja kwake na vikapu. Nilikuwa hapo, nikamsikia akiwaambia:

"Mbegu nitawapa. Lakini sanduku nendeni kwa huyu kijana wangu, na msimsumbue apunguze bei."