Heroe na Mlango wa Gari

Siku yangu ya kwanza kuwaendesha watazamaji wa ndege hapa Doha, niliwafukuza ndege wote kwa adabu zangu.

Nilikuwa nimetoka hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd, ambako dereva alifundishwa kwamba gari likisimama, aruke nje amfungulie mgeni mlango. Kampuni mpya ilinichukua kwa majaribio. Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipofariki niliacha shule ya msingi, na wadogo zangu wakasoma kwa usukani wangu. Ningefukuzwa, nao wangefukuzwa darasani.

Mgeni wangu alikuwa bibi wa nchi za baridi. Tulipopita mtaa wa Al Mansoura alinisimamisha ili autazame mti wa mkungu ambao majani yake yalikuwa yamegeuka mekundu.

"Kwetu msimu huu miti yote iko hivi," alisema, akaokota jani, akalibandika kofiani.

Tulifika kwenye mikoko, kaskazini mwa mji, maji yakiwa yamekupwa na tope limejaa chakula cha ndege. Heroe, wale wa rangi ya waridi wenye miguu kama fito, walikuwa karibu kabisa. Nikaruka nje, nikazunguka, nikafungua mlango. Anga ikawa ya waridi, kisha tupu.

Tulirudi mjini mapema, nikaeleza ofisini kilichotokea. Mudiri, yaani msimamizi wa magari, mzee wa Kisumu, akanisuta.

"Wewe ni dereva ama kengele ya shule?"

"Nilikuwa namheshimu mgeni, mzee."

"Ndege haogopi gari, bwana. Anaogopa miguu yako. Gari ndilo kichaka chako: zima injini, shusha kioo, tulia. Kesho mrudishe. Wakiruka tena, na wewe utaruka, moja kwa moja mpaka kwenu Malindi!"

Kesho yake nilizima injini mapema, gari likaserereka lenyewe hadi likasimama. Mikono ilitaka mlango, nikaikalia. Heroe waliinua vichwa. Mmoja akainama, akaendelea kuchuja tope. Wengine wakasogea hata nikasikia midomo yao ikichapa maji. Bibi akanishika bega.

"Usipumue," alinong'ona, huku yeye mwenyewe akicheka kimya kimya, jani likitikisika kofiani.

Jioni mudiri aliuliza, "Haya?"

"Wamekula mpaka wakashiba, mzee."

"Basi kachukue sare."

Niliivaa sare hiyo miaka mingi, chini ya mamudiri wengine wawili, nikawafundisha madereva wapya kukalia mikono.

Safari yangu ya mwisho kabla ya kustaafu nilimpeleka mikokoni Zawadi, kitinda mimba wetu, ambaye sasa ni muuguzi papa hapa Doha. Tulikaa kimya mpaka maji yakajaa na heroe wakaondoka kwa hiari yao. Ndipo niliposhuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango.

"Kaka, tangu lini mimi ni bosi wako?"

"Tangu siku ile nilipoacha shule," nikamwambia. "Shuka, mama."