Furusheti Katika Chumba cha Uzazi

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, pale Crescent Town, huku ughaibuni, aliposhikwa na uchungu, mama yake aliniomba nifuatane nao hospitali. Walitoka Bukavu, hata mwaka walikuwa hawajamaliza. Kifaransa walikijua, Kiingereza bado. Mimi Mtanzania, Kifaransa sina. Tulielewana kwa Kiswahili, nikawa mkalimani.

Mtoto alizaliwa mchana, wa kike, akalia, tukamshukuru Mungu. Lakini damu ya mzazi haikukata. Daktari akasogeza taa, akainama, akamwambia nesi jambo haraka haraka. Nilishika maneno mawili matatu. Bibi wa mtoto alishika moja tu.

Akaruka kitini, akasimama kati ya daktari na kitanda, mikono ameitandaza.

"Hamutamugusa mutoto wangu na furusheti!"

"Furusheti ndiyo nini, mama?"

"Ya kulia! Ya mezani!"

Uma. Nikatazama sinia la vyuma: mikasi, koleo, sindano. Uma sikuuona, lakini shaka ikaniingia na mimi. Nesi alipaza sauti, mama atolewe nje. Midomo ya binti ilikuwa imeanza kupauka.

"Mama, waache," akanong'ona. Mama hakusogea.

Nikamuuliza daktari kwa nini ametaja uma. Alinishangaa, kisha akaelewa. Akainua vidole viwili, akavitanua.

"Ni jina la mahali mwilini. Hapa, ngozi inapokutana chini ya njia ya uzazi. Pamechanika. Lazima nishone sasa hivi."

Nikatafsiri. Mama akatikisa kichwa. "Sasa kwa nini paitwe vile?"

Daktari alijibu huku akiandaa uzi. Wafaransa wana fourche, uma mkubwa wa mkulima wa kugeuzia nyasi kavu. Fourchette ni fourche ndogo. Ule wa mezani ukapewa jina hilo, na sehemu za mwili zilizogawanyika hivyo zikapewa pia.

Nilitafuta neno la Kiswahili.

"Panda, mama! Kama panda ya mti, kama njia panda. Hakuna uma humu."

"Fourche..." akasema taratibu. "Baba alikuwa nayo, ya majani ya ng'ombe."

Akasogea.

Daktari alishona. Mama alinishika mkono, kucha zikanizama, hakuniachia mpaka nesi alipotangaza kwamba damu imekata. Ndipo daktari akamgeukia, akamwomba radhi kwa Kifaransa cha kubabaisha.

"Mwambie," mama akaniambia, machozi yakimtiririka, "siku ingine aeleze kwanza."

Nikamwambia.