Magoti Yangu na Pikipiki ya Ofisi

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa bibi maendeleo Lushoto, na pale ofisini nilikuwa mrefu kuliko wanaume wote. Urefu nilirithi kwa baba yangu, mkulima wa kijiji cha Mnazi, ambaye aliinama kila alipoingia nyumbani kwake mwenyewe. Nikiwa msichana urefu haukunisumbua, isipokuwa magauni ya kununua yaliniishia magotini. Ulianza kunisumbua siku niliyokabidhiwa pikipiki.

Zililetwa mbili. Moja alipewa bwana shamba. Ya pili mkuu wetu wa kazi, mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi, alinikabidhi mimi mbele ya wenzangu, na wawili kati yao wakacheka.

“Ndugu,” aliniambia, “hii ni mali ya umma. Ikipata mkwaruzo, utanieleza mkwaruzo umetoka wapi.”

Nilijifunzia kwenye uwanja wa mpira wa shule, suruali ya kaka yangu ikiwa ndani ya gauni. Uwanjani niliweza. Nilizunguka polepole, kona pana, watoto wakishangilia. Lakini kazi yangu haikuwa uwanjani. Ilikuwa kwenye vijiji vya juu, kwa kina mama wa vikundi vya lishe na vya ushonaji, na njia za kwenda huko ni kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hakuna kitu.

Nilipokaa juu ya pikipiki ile magoti yalikuja karibu na viwiko. Mgongo ulipinda, mikono ikafa ganzi kabla sijafika mbali. Buti langu halikuingia chini ya gia, ikabidi niinue mguu mzima kila ninapobadilisha. Na mbaya kuliko yote, nikikata kona kali ya kushoto, ncha ya usukani iligonga goti langu la kushoto. Nilijizoesha kulipanua goti nje, kama mtu anayepita mlangoni na mzigo, nikaamini kwamba ndivyo pikipiki zinavyoendeshwa.

Siku moja mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulikuwa unateleza. Nikaingia kona ya kushoto, nikasahau kupanua goti. Usukani uligota kwenye mfupa ukakataa kugeuka. Pikipiki ikaenda moja kwa moja. Nakumbuka niliona vilele vya migomba chini yangu, nikashangaa kwamba naiona migomba kwa juu. Kisha nikawa nimelala kwenye majani, mguu mmoja ukining’inia hewani, na pikipiki imenasa kwenye shina la mti hatua mbili chini, gurudumu la mbele bado linazunguka.

Kina mama waliokuwa wanarudi na kuni waliweka mizigo chini. Walifungua kamba zao, wakaivuta pikipiki mpaka barabarani huku wakisemezana Kishambaa. Mmoja, mtu wa umri wa mama yangu, alinikalisha akanifuta damu gotini kwa ncha ya kanga.

“Pole, mwanangu,” alisema. “Leo umezaliwa mara ya pili.”

Meno yalikuwa yanagongana.

Mkwaruzo ulikuwa mrefu, kutoka kwenye tangi mpaka kwenye taa. Sikumweleza mkuu wangu. Niliupaka tope, na kuanzia siku hiyo sikuiosha tena pikipiki.

Hofu iliyonishika baada ya hapo sikuwahi kuijua kabla. Asubuhi nilikunywa chai nikaitapika. Nilisali kabla ya kuwasha injini, nikasali tena nikifika penye barabara mbaya. Mwisho nikapata ujanja wa aibu: nikikaribia kona kali nilishuka, nikaisukuma pikipiki mpaka niivuke, kisha nikapanda tena. Kijiji cha saa moja nikakifikia kwa saa tatu. Kina mama walinisubiri, wengine wakakata tamaa wakarudi mashambani.

Hivyo ndivyo alivyonikuta fundi. Alikuwa mzee mwenye kibanda karibu na soko la Lushoto, akitengeneza baiskeli na vyerehani. Ujana wake aliutumia kwenye karakana ya mashamba ya mkonge kule chini Mazinde. Siku hiyo alikuwa anapandisha mlima kwa miguu, nami nasukuma.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, binti. Imeharibika?”

“Imeishiwa petroli.”

Alifungua kifuniko cha tangi, akachungulia. Petroli ilikuwa imejaa karibu na mdomo. Akafunga polepole bila kuniangalia, ili nisione haya, nadhani. Ndiyo maana nikalia. Nilimweleza yote pale barabarani, kona, migomba, tope la kuficha mkwaruzo. Alinisikiliza, kisha akasema, “Panda nikuone.”

Nikapanda. Akazunguka mbele, akazunguka nyuma, akaniambia nigeuze usukani kushoto. Ukagonga goti.

“Kumbe!” alisema. “Binti, mtu yeyote mwenye miguu hii angeogopa. Kesho niletee.”

Hapo hofu nyingine ikaanza. Kuchezea mali ya umma bila ruhusa halikuwa jambo dogo siku zile. Watu walikuwa wanafukuzwa kazi kwa kupoteza jembe. Na kuomba ruhusa kulimaanisha kueleza mkwaruzo. Nilikaa siku nne nikipita mbali na kibanda chake. Siku ya tano nilikuwa nasukuma tena, nikateleza, pikipiki ikaniangukia mguuni. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi.

“Usikate kitu, baba,” nilimsihi. “Usitoboe. Kila utakachofanya kiweze kurudi kama kilivyokuwa.”

“Nimekuelewa.”

Aliazima utepe wa kupimia kwa fundi cherehani jirani. Akanikalisha juu ya pikipiki, akaniambia nifumbe macho na kunyoosha mikono mbele kama nimechoka. Akapima ilipoangukia mikono. Akapima goti, akapima kisigino. Watu wa sokoni walisimama kutazama mwanamke anapimwa juu ya pikipiki, nami nimefumba macho, nikiwaza kwamba mmoja wao lazima atafika ofisini kabla yangu.

Kazi ilimchukua siku mbili. Aliuinua usukani kwa vipande viwili vya chuma na bolti ndefu, akausogeza mbele kidogo. Gia aliichomoa kwenye mhimili wake wa meno, akairudisha jino moja juu, buti likapata nafasi. Vikanyagio alivishusha kwa vyuma vya kufungwa kwa bolti, vilivyochomelewa pembeni na jamaa yake. Juu ya kiti aliongeza kipande cha godoro la sponji, akakishona kwa turubai la kijani, na kuniinua mbali na magoti yangu mwenyewe.

Nilipopanda sikuamini. Mgongo ulinyooka. Nilizungusha usukani kushoto, kulia, goti likakaa mahali pake. Niliondoka nikicheka.

Nilifika mbali kidogo nje ya mji, kwenye kona ambapo bonde linafunguka, na chini kabisa unaona mkonge umepangwa mistari na vumbi la magari ya barabara ya Same. Nikakata kona kushoto, usukani ukafika mwisho. Injini ikapiga kelele yenyewe. Sikuwa nimevuta mafuta. Nilikuwa nimelegeza kabisa, lakini pikipiki ilinirukia mbele kama ng’ombe aliyechomwa, na ukingo ukaja. Sijui ni mkono gani uliokumbuka klachi. Nilibana, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikazima swichi. Gurudumu lilisimama juu ya majani ya ukingoni.

Kukawa kimya. Nilishuka, nikakaa katikati ya barabara. Niliapa sitapanda tena. Nilimchukia fundi, nikamchukia mkuu wangu, nikajichukia mwenyewe. Kisha nikaisukuma pikipiki mpaka mjini.

Fundi aliposikia alikaa chini juu ya kigoda chake. Aligeuza usukani taratibu akaona: waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye usukani kwenda kwenye injini, ulikuwa wa urefu wa zamani. Usukani ulipoinuliwa waya ulikaza, na ulipogeuka mpaka mwisho ulijivuta wenyewe.

“Kosa ni langu,” alisema. “Nilikupima wewe, sikuupima waya. Ungekufa, binti. Nisamehe.”

Aliupitisha waya njia nyingine, nyuma ya taa, ukapata nafasi. Injini ikiwa inaunguruma aligeuza usukani huku na huku mara nyingi sana, akiinamisha sikio kama daktari. Kisha akapanda yeye mwenyewe, mzee yule, akaenda mpaka kwenye kona ile na kurudi, kabla ya kunirudishia.

Aliporudi, askari wa ofisi alikuwa ananisubiri. Alisema mkuu wangu ananiita, na niende na pikipiki.

Mkuu alikuwa amesimama uani mwa ofisi. Alitazama turubai la kijani, akatazama vyuma. Safari hii nilikuwa nimeosha tope kwanza, pale kwa fundi.

“Nani alikupa ruhusa?”

“Sikupewa, ndugu.”

“Na huu mkwaruzo?”

Nilimweleza. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilieleza mpaka mwisho, na kona nilizokuwa nasukuma, na kina mama waliochoka kunisubiri. Hakunikatiza. Alipojaribu kupanda ili ahakikishe, miguu yake haikufika chini. Ikabidi nimshike kiuno asianguke, mbele ya madirisha yote ya ofisi. Nilidhani hapo ndipo kazi yangu imeisha.

“Gari halina petroli wiki hii,” alisema alipotua chini, akirekebisha shati. “Nina mkutano kijiji cha juu. Utanipeleka.”

Nikampeleka. Katika kona ya kwanza alishika kiti. Katika ya pili alishika mabega yangu. Ilipofika ile ambayo nilianguka, nilisikia nyuma ya sikio langu anasema, “Polepole, mwanangu, polepole,” na hakuwahi kuniita hivyo kabla. Mimi pia niliogopa. Lakini usukani uligeuka mpaka pale nilipotaka, na sikushuka.

Tulipofika alikaa juu ya jiwe kwa muda kabla ya kwenda kwa wanakijiji. Hakusema lolote kuhusu mali ya umma. Jumatatu iliyofuata niliona ameandika kwenye daftari la vifaa, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwamba pikipiki ile isiendeshwe na mtu mwingine.

Niliiendesha miaka mitatu. Nilikuwa nikiamka na woga karibu kila siku ya safari, na kila siku ya safari nilikwenda. Nilipohamishiwa Muheza, aliyechukua nafasi yangu alikuwa kijana wa kimo cha kawaida. Fundi alifungua vyuma vyote asubuhi moja, akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, isipokuwa turubai, ambalo yule kijana alimwomba aliache.