Moshi wa Asubuhi za Mwezi wa Saba

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo kila baridi inapoanza hunijia yenyewe, hata nikiwa nakoroga uji. Nilikuwa nimeolewa majuzi tu. Nilitoka kwetu Machame nikaja kwa Lazaro, Mwarusha, fundi seremala, tukapanga chumba Ngarenaro, mjini Arusha, nyuma ya karakana yake. Pikipiki hazikuwa nyingi kama sasa, lakini moshi ulikuwepo. Kila alfajiri mafundi waliwasha maranda, yale maganda ya mbao yanayotoka kwenye randa, waote moto kabla ya kazi. Lazaro ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasha, na wenzake walimpendea hilo.

Wakati wa masika sikuwa na shida yoyote. Mvua ilisafisha hewa, nikawa naimba nikifua. Baridi ilipoingia, kifua kikaanza kunibana, nikawa nalala nimeegemea ukuta. Asubuhi hiyo nilienda kuchota maji nikashindwa kurudi na ndoo. Nilikaa chini palepale, pumzi haiji. Lazaro alinibeba hadi zahanati, nikapewa dawa, nikapata nafuu. Kesho yake hali ikarudi vilevile.

Shangazi yake Lazaro, mama mmoja aitwaye Naserian, alikuwa akishuka kutoka Ilkiding'a, kijiji cha mlimani, kuuza maziwa. Alipopata habari alikuja moja kwa moja karakanani, akasimama mbele ya ule moto.

"Lazaro, moto huu unamwashia nani?"

"Shikamoo, shangazi. Tunaota tu, baridi ni kali."

Shikamoo ile hakuiitikia. Mafundi wote waliinamisha vichwa.

"Usiku baridi inashuka kutoka mlimani, inakuja kulala huku chini kwenu," alisema. "Moshi wa alfajiri hauna pa kwenda mpaka jua lipande. Mkeo ndiye anaumeza. Leo naondoka naye."

Na kweli aliondoka na mimi, tukipanda polepole, nikipumzika kila mahali penye jiwe la kukalia, hadi kwake. Kulipokucha aliniita nje. Juu yetu anga lilikuwa safi, Meru imesimama wazi mpaka kileleni. Chini, mji hauonekani. Kulikuwa na utando wa kijivu umetanda juu ya mapaa, umetulia, hausogei. Jua lilipopata nguvu ndipo ukaanza kuachia.

Jumapili Lazaro alikuja mapema kabla ya ibada. Alitazama kule chini kwa muda mrefu.

"Na mimi nimetokea humo?"

"Humo humo," shangazi akamjibu.

Hakuwasha tena. Wenzake walinung'unika, mmoja akaacha hata kumsalimia. Maranda akawa anayajaza kwenye magunia, anayapandisha kwa shangazi, yanatandikwa zizini, ng'ombe wanalala pakavu. Kila msimu wa baridi nilikaa kule juu, naye alikuja Jumamosi na gunia mgongoni, vumbi la mbao limejaa nyweleni. Tulikuwa mume na mke, lakini miezi ile tulikaa kama wachumba. Nilimsikia akikohoa njiani kabla sijamwona, nikaweka chai jikoni. Sasa Lazaro hayupo, shangazi naye hayupo, na Jumamosi bado nasikiliza njia.

Mlima uko palepale, mwanangu, na baridi inashuka vilevile. Kilichozidi ni magari, na watu, na taka zinazochomwa uani. Kwa hiyo nisikilize. Usichome taka, na zaidi ya yote usichome alfajiri ya baridi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani wanapolala watoto, hata mkitetemeka. Mwenye kifua mwache atoke jua likishapanda. Kiangazi, upepo ukianza kuleta vumbi kutoka pande za Terrat, funga madirisha ya upande huo, mwagia uwanja maji kabla ya kufagia. Ukitaka kupanga nyumba, iwe Moshono au popote, nenda kaione asubuhi ya mwezi wa saba, usiione baada ya mvua tu. Na mtu akikuambia moshi wako unamuumiza jirani, usibishane naye. Panda mahali pa juu ukajionee, kama alivyofanya Lazaro.

Mungu akupe pumzi ndefu, wewe na utakaowazaa. Walale bila kukohoa, waamke wauone mlima.