Bia ya Asali Nyuma ya Ukuta

"Hivi wewe, na harufu yote ile ya bia, hujawahi kulewa kwa pua?"

Jirani yake Dada, fundi cherehani, ndiye aliyemuuliza hivyo siku moja wakitoka ibada ya asubuhi. Aliuliza kwa utani, akacheka mwenyewe mpaka kitambaa cha kichwa kikamlegea. Lakini Dada, ambaye ni mpishi wa chakula kwenye baa, hakucheka. Alilibeba swali lile mpaka nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Wiki nzima, kila akifunua sufuria, alikuwa anajipima: kichwa kinazunguka au hakizunguki? Mwisho akamwendea mchungaji kuuliza kama pua nayo inahesabiwa. Mchungaji alimwambia arudi jikoni akapike kwa amani.

Ndivyo alivyo. Mama huyu huogopa radi, huogopa mtungi wa gesi, huogopa simu inayolia alfajiri. Kifuniko kikianguka jikoni, jina la Mungu linamtoka kabla kifuniko hakijatulia sakafuni. Kusimama mbele za watu ndiyo usiseme. Kanisani akiambiwa aombe kwa sauti, wa benchi la pili hawamsikii. Wateja wamemzoea na humtania kwa upendo. Wote humwita Dada, hata wale waliomzidi umri, kwa sababu mwenye baa ni mdogo wake wa tumbo moja, naye ndivyo anavyomwita.

Huyo mdogo wake zamani alikuwa fundi bomba, na jina la Fundi halijamtoka mpaka leo. Alianza kupika bia nyumbani kwenye sufuria ya kuchemshia maji ya kuoga, mkewe akinuna. Sasa ana mapipa yanayong'aa, na baa ndogo katikati ya duka la kutengeneza simu na saluni. Bia yake hailingani na ya kiwandani. Ipo nyeusi, ya shayiri iliyokaangwa mpaka ikanukia kama kahawa. Ipo nyepesi, yenye maganda ya chungwa. Watu hawaji pale kulewa. Wanakuja na wake zao, na shangazi zao, wanakaa, wanaagiza moja, wanainywa taratibu mpaka chakula kije.

Na chakula ndiyo kazi ya Dada. Yeye hajawahi kuonja hata tone, ila anajua bia ipi iende na sahani ipi kuliko hao wanywaji wenyewe. Hujifunza kwenye nyuso zao, kupitia dirisha la jikoni. Mtu akipiga funda, akatia tonge, akafumba macho kidogo, Dada hujua hapo pamekaa. Ndivyo alivyogundua kwamba nyama ya ng'ombe iliyoiva polepole na vitunguu vingi inaitaka ile nyeusi, na samaki wa kukaanga mwenye limau anaitaka ile ya machungwa. Siku mambo yakienda vizuri, husimama pale dirishani mikono ina unga, anatabasamu peke yake kama mama anayeangalia watoto wanakula.

Jumamosi hii tunayoisema, hakutabasamu.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya mtaani alikuwa anastaafu, na alitaka sherehe yake iwe pale, na bia ya peke yake: bia ya asali. Fundi akaifurahia kazi ile kupita kiasi. Ila bia ya asali huchacha polepole, na mpishi wa bia husubiri itulie kabisa kwenye pipa ndipo aijaze kwenye chupa. Ikifungwa kabla, inaendelea kuchacha humo humo, gesi inazidi kujaa na haina pa kutokea. Fundi anayajua hayo. Lakini Mwalimu alishaalika watu, tarehe haisogei. Akaonja, akajidanganya kwamba imetulia, akajaza chupa, akagonga vizibo, akazipanga kwenye kreti stoo. Siku zenyewe zilikuwa za joto kali.

Asubuhi ile Dada alikuwa anamenya viazi aliposikia kishindo stoo. Kisu kikamtoka mkononi. Kabla hajainuka, Fundi alitoka humo akijifuta uso kwa kiganja, na kiganja kikawa chekundu. Kipande cha chupa kilikuwa kimempata chini ya jicho la kulia. Chini kidogo tu. Dada alimwosha kwa maji ya chumvi, akambandika plasta.

Dada hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Yeye huoka mkate kila asubuhi, ameshaona unga ulioumuka ukiinua kifuniko cha bakuli. Ila lile bakuli ni la bati, chupa ni ya kioo.

Kilichomtisha zaidi ni alichoombwa. Fundi alisema mlango wa stoo atautia kufuli, jioni watauza nyeusi na nyepesi tu, Mwalimu ataambiwa asali haijawa tayari. Kesho baa ikiwa imefungwa ataingia taratibu azifungue. Ni jambo dogo, akasema, mradi tu asijue mtu. "Wakisikia chupa zetu zinapasuka, Dada, nani atatia tena bia yangu mdomoni?"

Dada alimtazama ile plasta chini ya jicho. Akakubali shingo upande.

Mchana ikapasuka nyingine. Fundi alikuwa sokoni. Dada alisimama mbele ya ule mlango wenye kufuli, mwiko mkononi, akisikia bia inatiririka sakafuni kwa ndani. Akarudi jikoni akaendelea kukatakata vitunguu, na safari hii machozi hakujua ni ya vitunguu au ni yake.

Jioni Mwalimu akaingia na watu wake: mkewe, mabinti zake wawili na mume wa mkubwa, walimu wenzake, na mjukuu wa kike ambaye hata mwaka hajafikisha. Meza zao zilikuwa zimeunganishwa tangu jana yake, kando ya ukuta wa stoo, kwa sababu ndio upande mrefu. Fundi alishamnong'oneza Dada kwamba ukuta ni wa matofali, asiwe na wasiwasi. Kweli ni wa matofali. Lakini haufiki juu. Pale ulipoishia pamezibwa kwa wavu wa kuku, ili hewa ipite, na kila tundu la ule wavu linapitisha kidole.

Kila Dada alipoleta sahani, macho yake yalikwenda kwenye wavu. Mwalimu alipewa nyama na bia nyeusi, akaonja, akafumba macho, akasema kwamba kama angejua kustaafu kuna ladha hii angestaafu akiwa kijana. Meza nzima ikacheka. Dada hakusikia utamu wowote. Yule mtoto alikuwa amelazwa kifuani kwa bibi yake, uso juu, anauangalia ule wavu kama anayesoma.

Dada alirudi jikoni, akaegemea sinki. Aliwaza: nikisema, namwaibisha mdogo wangu mbele ya mtaa mzima. Nisiposema? Akaomba, maneno hayakupangika. Akafungua mdomo aombe tena, na badala ya kuomba akajikuta anatembea, amesimama mbele ya meza ya Mwalimu, aproni imelowa.

"Mwalimu, naomba mhamie upande wa dirishani."

Mwalimu akamtazama juu ya miwani. Akasema katika maisha yake yote amehamisha watoto madawati, ila yeye hajawahi kuhamishwa. Walimu wenzake wakapiga meza kwa vicheko. Mkewe akauliza kwa upole kuna nini, panavuja?

"Hapavuji, mama. Kuna sababu, lakini nimeombwa nisiseme. Na kudanganya siwezi. Hamieni tu."

Dereva wa pikipiki aliyekuwa peke yake pale kaunta akasema huenda Dada kaona buibui. Wengine wakaangua kicheko. Dada alisikia masikio yanawaka, lakini hakuondoka. Fundi, nyuma ya kaunta, alikuwa amesimama na glasi mkononi. Hakumkataza. Wala hakumsaidia.

Aliyeinuka kwanza ni mke wa Mwalimu. Alisema amekula pale muda mrefu na huyu mama hajawahi kumwomba hata ampishe njia. Akiomba leo, yeye anahama. Akamkumbatia mjukuu, akaenda. Mabinti wakafuata na sahani zao. Mwalimu akainuka mwisho, akinung'unika, bia yake mkononi, akiwaambia wenzake shuleni wasijue.

Walikuwa hawajakaa vizuri. Kishindo kilikuja, kikafuata kingine juu yake, halafu vikawa vingi pamoja, na kupitia ule wavu vioo vikanyesha kwenye meza tupu. Kipande kimoja kilisimama wima kwenye mkate. Povu likashuka ukutani, na harufu ya asali ikajaa chumba kizima.

Hakuna aliyecheka. Mtoto ndiye aliyeanza kulia, na watu wakaanza kupumua.

Sasa Fundi alisema kila kitu, hadharani, sauti ikikatika. Akawaomba watoke nje. Kreti zilizobaki haziwezi kungoja kesho, akasema. Moja ikipasuka inaamsha ya jirani yake. Ataingia azifungue. Watu walitoka na viti vyao na chakula chao, wakajipanga barabarani mbele ya saluni. Mchomeleaji wa vyuma wa mtaa wa pili, aliyekuwa miongoni mwa wateja, akakimbia kuleta kinyago chake cha kazi, Fundi akakivaa, na nyuma ya kile kioo cheusi hakuona hata mikono yake mwenyewe. Ndipo yule dereva wa pikipiki, bila neno, akamvua kinyago, akamvika kofia yake ya kuendeshea na kushusha kioo cha mbele.

Dada alimfunga aproni mbili, moja mbele na moja nyuma. Akalowanisha blanketi la kufunika kreti, akampa na glavu za kutolea sinia kwenye oveni. Alipotaka kumfuata ndani, Fundi alimrudisha kwa mkono, akavuta mlango.

Dada akabaki nje ya mlango. Alisikia blanketi likiburutwa. Halafu fyuu, kizibo kimetoka, povu linamwagika. Kimya. Fyuu nyingine. Katika kila kimya Dada alimwona mdogo wake ameanguka. Alimwona hana macho. Akaanza kumwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mtu pale aliyelijua, na kutoka ndani Fundi akawa anaitikia, kila baada ya kizibo, "Nipo." Ikapasuka moja. Dada aliita, hakujibiwa. Aliita tena, akagonga mlango.

"Nipo, Dada."

Fundi alipotoka alikuwa ameloa asali na bia mwili mzima, kioo cha kofia kina mkwaruzo mrefu katikati. Bia yote ilikuwa imekwenda sakafuni. Nje Mwalimu alikuwa amepakata sahani yake, anakula, na alimwuliza Fundi kama ile ya asali ilikuwa tamu. Fundi akasema ilikuwa tamu mno, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Dada alimkalisha kwenye ngazi ya jikoni, akamvua kofia, akamgeuza uso kwenye taa atazame yale macho, moja, halafu la pili. Kisha akakaa karibu naye na kumwambia kwa sauti yake ile ndogo:

"Mdogo wangu, nakuomba kitu kimoja tu. Watu wakiwa mezani, usiniambie tena ninyamaze."